Siku Theluji Inapofunga Chuo



Wengi wenu mna mtoto, mdogo wenu au mpwa anayesoma Marekani, kwenye majimbo ya kaskazini, na huenda mmeshapokea simu ya namna hii: leo hatuendi darasani, theluji imezidi, chuo kimefungwa. Mzazi aliyeuza ng'ombe, au aliyepitisha daftari la mchango kwa ukoo mzima ili tiketi ya ndege ipatikane, huuliza papo hapo: sasa mnafanya nini kutwa nzima? Akiambiwa wanacheza, roho inamshtuka. Jioni hii nimekuja kuwatetea hao wanaocheza. Nasema siku hiyo ina faida ambayo ratiba ya masomo haiwezi kuipanga, na mwanafunzi anayeimaliza chumbani akitazama simu amepitwa na jambo kubwa.

Twende Madison, mji mkuu wa jimbo la Wisconsin. Napachagua kwa sababu ndiko nilikofundisha Kiswahili kwa miaka kadhaa. Kiswahili kilifika huko zamani: Chuo Kikuu cha Wisconsin kilianzisha idara ya lugha na fasihi za Kiafrika mwaka 1964. Mji wenyewe umekaa kwenye kipande chembamba cha nchi kavu kati ya maziwa mawili, Mendota na Monona, na chuo kimejengwa kwenye ufuko wa Mendota. Kitovu chake ni kilima kiitwacho Bascom Hill. Kilima hicho kiliachwa na barafu kubwa ya zama za kale, iliyotambaa juu ya nchi zile maelfu ya miaka iliyopita ikiburuta udongo na mawe, kisha ikayeyuka na kuacha mlundo wenye umbo la kijiko kilichofudikizwa. Kileleni ameketi Abraham Lincoln wa shaba, na yupo hapo tangu mwaka 1909. Kutoka miguuni pake mteremko wa majani unashuka hadi karibu na maktaba. Mwezi wa Septemba wanafunzi hujilaza hapo juani na vitabu vyao. Januari mambo ni mengine.

Kwa mwaka wa kawaida, Madison hupata theluji ya kama sentimita 127 ukijumlisha majira yote ya baridi. Majira ya mwaka 2007 kuingia 2008 yalivunja rekodi, theluji ikapita mita 2 na nusu. Hata hivyo chuo hakifungwi ovyo. Watu wa kule wameizoea baridi yao. Magari ya kusukuma theluji hutoka kabla ya alfajiri, chumvi na mchanga humwagwa barabarani, na saa mbili asubuhi profesa yuko ubaoni. Wanafunzi wengi wanalala humo humo chuoni au mitaa ya jirani, kwa hiyo kisingizio cha kukosa basi hakipokelewi. Kuna miaka inapita bila kipindi hata kimoja kufutwa. Ndiyo maana siku tangazo linapotoka, watu wanapiga kelele za furaha madirishani.

Desemba 2009 ilitokea siku ambayo bado inasimuliwa pale. Dhoruba iliingia usiku wa Jumanne tarehe 8, na kufikia asubuhi ya Jumatano theluji ilikuwa imepita futi moja. Baiskeli zilizofungwa kwenye vyuma zilibakiza mishikio tu. Chuo kikafuta masomo, na hayo yakitokea wakati mitihani ya muhula iko mlangoni na kila mtu macho mekundu kwa kukesha. Wanafunzi wakaitana kwa intaneti, na mchana wakakusanyika Bascom Hill makundi kwa makundi. Upande mmoja walisimama wa mabweni ya kando ya ziwa, upande wa pili wa mabweni ya kusini mashariki ya chuo. Vita vikaanza. Madonge ya theluji yaliruka kama hakuna kesho, vijana wakipanda kilima na kurudishwa chini, na watu wasiojuana hata kwa majina wakikingiana migongo. Mwaka huo ndio ulioanzisha desturi inayoitwa Vita vya Bascom, na vizazi vya wanafunzi waliokuja baadaye wameuendeleza mpambano huo.

Msikilizaji wa Tabora au Lamu atauliza, donge la theluji haliumizi? Inategemea theluji yenyewe, na hapa pana elimu nzuri. Theluji inayoanguka wakati hewa iko karibu na nyuzi sifuri huwa na unyevu kidogo. Ukiibana kwa viganja, chembe zake zinagandana na unapata donge la duara linaloruka mbali, likimfikia mtu linapasuka na kumwagika. Hewa ikishuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri, theluji inakuwa kavu na nyepesi, unaichota inakuponyoka vidoleni, hata ukiibana haishiki umbo. Siku hiyo hapapiganwi. Wenyeji wanalijua hilo tangu utotoni: mtu anachungulia nje, anashika theluji kidogo iliyoko dirishani, na hapo hapo anajua kama leo ni ya madonge au ya kuteleza. Kanuni wanayoitii ni moja, barafu ngumu hairushwi na uso haulengwi.

Nataka nikae kidogo kwenye kile kinachotokea kabla ya kelele hizo, kwa sababu ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Ukiamka asubuhi ya theluji nyingi, kitu cha kwanza kukugusa ni ukimya. Theluji mpya imejaa hewa ndani yake. Kwa kawaida sentimita 10 za theluji ikiyeyushwa hutoa maji ya sentimita 1 hivi, sehemu iliyobaki yote ni nafasi tupu. Sauti ikiingia katika vile vitundu haitoki tena. Mngurumo wa magari unafifia, na mtu anayetembea mita chache kutoka kwako husikii hatua zake. Ndani ya ukimya huo unapata nafasi ya kuangalia. Nyosha mkono wenye koti jeusi, ngoja chembe itue, iangalie haraka kabla pumzi yako haijaiyeyusha. Utaona pande sita. Zipo nyingine zenye matawi sita kama yaliyochongwa na sonara, nyingine ni vibati vidogo vya pande sita, nyingine zimekaa kama sindano. Sita hiyo inatokana na jinsi chembe za maji zinavyoshikana zinapoganda.

Chembe hizo zilimvuta mkulima mmoja wa Jericho, jimbo la Vermont, aitwaye Wilson Bentley, ambaye Januari 1885 alifaulu kupiga picha ya chembe moja ya theluji kwa kamera aliyoiunganisha na hadubini. Aliendelea na kazi hiyo maisha yake yote, akakusanya picha zaidi ya 5,000. Kisha ikaja zamu ya chuo kikuu. Katika Chuo Kikuu cha Hokkaido, Sapporo, kaskazini ya Japani, mwanafizikia Ukichiro Nakaya alikuwa ameajiriwa mahali penye vifaa vichache lakini penye theluji tele. Akaamua kuisoma hiyo iliyokuwa ikianguka nje ya mlango wake. Mwaka 1936, ndani ya chumba kilichopozwa, alikuza chembe ya theluji kwenye ncha ya unywele wa sungura, na hiyo ikawa ya kwanza kutengenezwa na mkono wa mtu. Akaonyesha kwamba joto na unyevu wa hewa ndivyo vinavyoamua umbo: karibu na nyuzi 15 chini ya sifuri hutokea zile nyota zenye matawi, karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri hutokea sindano. Kwa hiyo mwanafunzi anayesimama Bascom Hill akitazama mkono wa koti lake anasoma habari za mawingu ya juu. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu wafanye hivyo kabla ya kukimbilia vita, na baadhi yao walinishukuru.

Sasa tuje kwenye kuteleza. Vizazi vya wanafunzi wa Marekani walishuka vilima vya vyuo vyao wakiwa wamekalia trei za plastiki walizochukua bwaloni. Chuo Kikuu cha Cornell, kule Ithaca, jimbo la New York, kina mteremko wake mkali uitwao Libe Slope, ulio maarufu kwa mchezo huo. Katika miaka ya 2000 vyuo vingi viliondoa trei mabwaloni ili kupunguza maji ya kuoshea na chakula kinachotupwa, na uamuzi huo ulikuwa na busara yake. Wanafunzi wakatafuta vingine. Utaona mtu kakalia kartoni, mwingine kifuniko cha ndoo kubwa, mwingine godoro la kujaza upepo, na wenye pesa wamenunua vibao vya plastiki vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mteremko mmoja unamalizika kwa sekunde chache tu. Kupanda tena ndiko kunakochukua muda, na katika kupanda ndiko watu wanazungumza.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mwanafunzi anayetoka kwetu anaweza kumaliza muhula mzima akipishana na watu wale wale kwenye ngazi, wanasalimiana kwa neno moja na kila mtu anashika njia yake. Kule muda wa mtu umekatwakatwa: kipindi, kibarua, maktaba, mazoezi, kulala. Ukitaka kunywa chai na mwenzako mnaangalia kalenda. Mgeni aliyezoea kubisha hodi bila miadi huumia kwa hilo, na wengine hujifungia wakidhani wanachukiwa. Theluji inapofunga chuo, kalenda za watu wote zinafutika kwa saa ile ile. Likizo ya kawaida haifanyi hivyo, kwa sababu likizo ikifika kila mtu anasafiri kwao. Siku ya theluji hakuna anayeweza kwenda mbali. Wote wapo, wote wako huru, hakuna aliyepanga lolote. Nimeona kijana wa Kisumu aliyekuwa kimya darasani tangu Septemba akivutwa mkono na watu wa ghorofa yake ili wajenge sanamu la theluji, na kuanzia wiki iliyofuata akawa ana meza ya kukaa bwaloni.

Mwanafunzi mmoja, binti wa Morogoro, alinipigia simu asubuhi ya siku yake ya kwanza ya namna hiyo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, ila nimesoma ujumbe sijauamini. Kweli leo hakuna kipindi?"

"Kweli. Umevaa?"

"Nimevaa, nipo kitandani na blanketi."

"Basi vaa vizuri, toka nje. Wenzako wako kilimani."

"Mwalimu, nina insha ya kesho."

"Insha itakusubiri mpaka jioni. Theluji hii kesho itakuwa tope."

Alitoka. Jioni alikuja nyumbani na wenzake watatu, Mmarekani mmoja, Mkorea na Mkongo wa Bukavu, mashavu yamewaiva kwa baridi. Tulipika pilau na kachumbari, tukachemsha chai ya tangawizi yenye pilipili manga, soksi na glavu zao zimetandazwa juu ya kipasha joto. Mkongo na binti wa Morogoro walibishana kwa Kiswahili, kila mmoja na chake, wale wengine wakitaka watafsiriwe. Insha iliandikwa usiku, na ilikuwa nzuri.

Katika mtaa wa Eagle Heights, kule kule Madison, ambako chuo huwapangisha wanafunzi wenye familia, wengi wao wakiwa wageni kutoka mabara yote, siku ya theluji ni ya watoto. Kina mama na kina baba wanaoandika tasnifu za udaktari wanatoka na makoti waliyopeana mkono kwa mkono, wanawasukuma watoto kwenye miteremko kati ya nyumba. Wisconsin imezoea kuucheza msimu wake. Klabu ya michezo ya nje ya chuo hicho, inayoitwa Hoofers, ilianzishwa mwaka 1931 na ina watu wa kuteleza kwa mbao mpaka leo. Februari 1979 viongozi wa wanafunzi walisimamisha juu ya ziwa Mendota lililoganda kichwa cha Sanamu ya Uhuru na mkono wake wenye mwenge, ikaonekana kana kwamba sanamu nzima imezama na kubaki macho tu juu ya barafu. Wapo wanafunzi waliolalamika kwamba fedha zao zimechezewa. Sanamu hiyo ilichomwa moto, ikajengwa nyingine mwaka uliofuata, na siku hizi wanaiweka ya kujaza upepo.

Wazo la kuwatoa vijana vyumbani wakati wa baridi lina umri mkubwa kuliko hayo. Mwaka 1909, katika chuo cha Dartmouth, jimbo la New Hampshire, mwanafunzi aitwaye Fred Harris aliandika katika gazeti la wanafunzi akiwataka wenzake waunde klabu ya kutoka nje majira ya baridi. Klabu ikaundwa, na kufikia mwaka 1911 chuo kikawa na tamasha lake la majira hayo, ambalo bado lipo. Harris alikuwa ameona vijana wakijifungia miezi kadhaa, wakinyong'onyea. Kwa mtu wa kwetu hatari hiyo ni kubwa maradufu. Desemba jua huzama Madison kabla ya saa kumi na moja jioni, na huzuni ya giza hilo ni kitu halisi kinachowapata wageni wengi. Mchana mmoja wa kukimbia ndani ya weupe unaorudisha mwanga wote wa mbingu unasaidia.

Sasa niseme linaloniuma. Tangu janga la mwaka 2020 kila chuo kimejifunza kufundisha kwa kompyuta. Theluji ikianguka siku hizi, wakuu wengi hawafuti masomo, wanayahamishia kwenye skrini. Mwanafunzi anaamka, anaona dunia nzima nje ni mpya, halafu anaambiwa afungue kompyuta saa tatu kamili. Nawaelewa wakuu hao. Muhula ni mfupi, vipindi vya maabara vikikosekana ni shida kuvifidia, na ada ni kubwa. Lakini kipindi kimoja cha historia kinaweza kufidiwa, kwa kusoma sura ya ziada au kwa mwalimu kubana maelezo yake. Mimi mwenyewe nimefidia vipindi vingi na wanafunzi wangu walifaulu. Kisichofidika ni ule mchana ambao maelfu ya watu walikuwa huru pamoja. Chuo kinachotumia fedha kuajiri washauri wa wanafunzi wapweke, kisha kikawanyima siku inayowakutanisha bure, kinajipinga chenyewe. Naomba walimu wenye sauti kwenye mabaraza ya vyuo hivyo, na wapo Waafrika wengi miongoni mwao, walisimamie jambo hili.

Tena wapo ambao siku hiyo kwao ni kazi nzito kuliko zote. Dereva wa gari la theluji yuko barabarani tangu usiku. Mpishi wa bwalo ametembea kwa mguu akafika, kwa sababu wanafunzi lazima wale. Wauguzi wa hospitali ya chuo hawana siku ya theluji. Anayecheza awape nafasi: asikae barabarani gari linapopita, asizibe njia ya wagonjwa. Na mwenye nyumba au anayepanga nyumba nzima ajue kwamba sheria ya mji wa Madison inataka njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba iwe imesafishwa ifikapo saa sita mchana wa siku inayofuata baada ya theluji kukoma. Anza kwako, kisha mchotee na jirani mzee.

Ipo pia baridi ambayo si ya mchezo. Mwishoni mwa Januari 2019 hewa ya ncha ya kaskazini ilishuka mpaka Madison, kipimajoto kikapita nyuzi 30 chini ya sifuri, na chuo kikafuta masomo ili watu wasidhurike. Katika baridi ya namna hiyo ngozi iliyo wazi hudhurika ndani ya dakika chache. Siku hiyo kaa ndani, pika maharage, piga simu nyumbani.

Kwa wale mnaofunga mizigo kuelekea vyuo vya kaskazini, msinunue makoti hapa, ni mazito na hayatoshi; mtayapata huko, hata kwenye maduka ya mitumba, kwa bei nafuu. Buti ziwe haziingizi maji na zibakize nafasi ya soksi nene za sufu. Msivae jinzi kilimani, pamba ikilowa inakaa na baridi mwilini. Glavu za kuunganisha vidole zina joto kuliko za kutenganisha. Msikanyage ziwa kwa sababu tu limeonekana jeupe: Mendota mara nyingi haligandi mpaka karibu mwisho wa Desemba au Januari, theluji juu ya barafu huzificha nyufa, na kanuni ya huko ni kwamba barafu angavu iwe na unene wa angalau sentimita 10 ndipo mtu atembee juu yake. Ulizeni wenyeji. Na mkifika juu ya kilima kwa mara ya kwanza na kibao mkononi, kaeni, miguu itangulie, visigino ndiyo breki zenu, na mkiona mnaelekea kwenye mti, angukeni ubavu mapema.